Upepo, Bamvua na Maji ya Kisima: Maandalizi ya Kaya dhidi ya Maafa Wilayani Micheweni

Wilaya ya Micheweni imekaa katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Pemba, nayo imezungukwa na bahari pande tatu. Magharibi upo mkondo wa Pemba, wenye kina kirefu, unaokitenga kisiwa na pwani ya Tanga. Mashariki ni bahari kuu isiyo na kisiwa cha kuvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye miamba. Wavuvi wa dagaa wa Tumbe, wakulima wa mwani, wakulima wa mpunga mabondeni na wapasuaji wa kokoto wa maweni hupata riziki yao kwa kutegemea upepo, mvua na maji ya bahari. Hivyo ndivyo vitu vile vile ambavyo, vikizidi kiasi chake, huleta maafa.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa mfululizo kuhusu kimbunga Hidaya kilichokuwa kikielekea pwani ya nchi. Tarehe 4 Mei kimbunga hicho kilifika katika kisiwa cha Mafia, takribani kilomita 300 kusini mwa Micheweni, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Miaka mitatu kabla yake, Aprili 2021, kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kuigusa pwani. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, na Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi.

Kwa nini vimbunga hivi huipita Pemba? Kimbunga huzaliwa juu ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na maji ya Pemba hufikia joto hilo kila mwaka. Lakini kimbunga huhitaji pia msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, ambao huupinda upepo hata ukaanza kuzunguka. Msukumo huo haupo kabisa kwenye Ikweta, na karibu nayo ni dhaifu. Micheweni ipo nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi ya kusini magharibi huzaliwa chini zaidi, baina ya Novemba na Aprili, kisha huelekea Madagaska na Msumbiji.

Uchache wa jambo, hata hivyo, si dhamana. Mwezi wa Aprili 1872, wakati wa utawala wa Sayyid Barghash, kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo ghala la karafuu la Zanzibar. Umbali baina ya visiwa hivi viwili ni kilomita 50 hivi tu, jambo linaloonesha jinsi mpaka wa kunusurika ulivyo mwembamba. Zaidi ya hayo, kimbunga hakihitaji kufika ili kudhuru: kikiwa mbali huvuta mawingu, huchafua bahari na huongeza mvua za masika ambazo tayari zipo.

Angalizo la TMA na namna ya kulisoma

Taarifa za hali mbaya ya hewa hutolewa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni angalizo, lenye rangi ya njano; ya pili ni tahadhari, yenye rangi ya chungwa; ya tatu ni tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu. Kila taarifa hutaja maeneo, siku, uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake. Inayosikika mara nyingi Pemba ni ile ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na kwa kuwa husikika mara nyingi, baadhi ya watu wameizoea kiasi cha kutoisikia tena.

Takwimu hizo mbili zinastahili kufafanuliwa. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake: upepo wa kilomita 80 kwa saa husukuma kwa nguvu mara nne ya ule wa kilomita 40, wala si mara mbili. Ama urefu wa mawimbi, kwa kawaida unaotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Kwa hiyo nahodha anayesikia mita 2 hana budi kutarajia kuwa, mara moja moja, atakutana na wimbi linalokaribia mita 4. Katika ngalawa au mtumbwi, wimbi hilo moja latosha.

Uvuvi wa dagaa huongeza ugumu wa jambo hili, kwa sababu hufanyika usiku, katika siku za giza, na vyombo huondoka jioni bahari ikiwa shwari. Taarifa ikibadilika saa tano usiku, simu ya aliye mbali na pwani huenda isipate mtandao. Dawa yake ni kusikiliza taarifa ya jioni kabla ya kushuka dikoni, na kumwachia mtu wa nchi kavu orodha ya vyombo vilivyotoka, majina ya waliomo, eneo wanalokwenda na saa wanayotarajiwa kurudi. Orodha hiyo haigharimu chochote. Bila yake, kikosi cha KMKM kinachoitwa kutafuta waliopotea huanza kazi bila kujua kitafute wapi wala watu wangapi. Wanaokwenda dago kwa siku kadhaa ndio wanaohitaji zaidi kuandikwa, kwa kuwa kuchelewa kwao hakumshtui mtu mapema.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe mwilini tangu chombo kinapoondoka. Lililofungwa chini ya viti halivaliki tena chombo kikishapinduka. Kwa upande wa abiria, Pemba haijasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama ikitoka Unguja. Haikuwa dhoruba iliyoizamisha. Chombo kilichopakia kupita kiasi huweza kupinduka hata katika bahari ya kawaida, na katika bahari iliyochafuka hali huwa mbaya zaidi.

Redio yenye betri, ambayo kaya nyingi zimeiweka kando kwa sababu ya simu, bado haijapata mbadala wake. Umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari na kuanza kazi mwaka 2010. Hitilafu inapotokea katika njia hiyo ndefu, simu hubaki na chaji ya siku moja au mbili. Redio Jamii Micheweni na Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC) husomwa taarifa za TMA kwa lugha inayoeleweka na kila mtu.

Paa na ukuta

Katika upepo mkali paa ndilo huondoka kwanza, na mara nyingi huondoka kwa kunyanyuliwa. Upepo unaopita juu ya bati huvuta bati kwenda juu, na ule unaoingia ndani kupitia mlango ulio wazi huisukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili hukutana kwenye kingo za paa na kwenye kofia. Hapo ndipo misumari inapopaswa kuwa karibu karibu, na hapo ndipo mafundi wengi huibana ili kuokoa gharama. Kaya iliyo na bati zilizokwisha kupigiliwa inaweza kuongeza misumari kwenye safu za pembeni kwa kazi ya siku moja. Mbao za kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene au ukanda wa chuma, kwa sababu bati lililoshika vizuri kwenye mbao zisizoshika ukuta litaondoka pamoja na mbao zake.

Desturi ya kuweka mawe au matofali juu ya bati iachwe. Katika upepo wa kawaida mawe hayo husaidia. Katika upepo wa dhoruba huanguka ndani au hurushwa kwa jirani. Nyumba za makuti hukaguliwa kabla ya masika: kamba zilizooza zibadilishwe, na makombamoyo yaliyoliwa na mchwa yatolewe. Upepo ukianza, milango na madirisha yote yafungwe. Minazi mikavu na matawi ya miembe yaliyoinamia nyumba yakatwe wakati wa kiangazi, kwani hakuna anayepanda mti kwa usalama siku ya mvua.

Kuta za udongo zina adui mwingine. Maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye paa hupiga chini, huruka, na kuulainisha ukuta hapo hapo unapobeba uzito wote. Ukuta huweza kuanguka saa kadhaa baada ya mvua kwisha, watu wakiwa wamelala. Msingi wa mawe ulioinuka kutoka ardhini, ukingo wa paa uliotokeza na mtaro wa kuyaondoa maji huzuia jambo hilo. Ni ajabu kidogo kwamba wilaya inayopasua mawe na kuyapeleka kwingine bado ina nyumba zilizosimama juu ya udongo mtupu. Ukuta unaoonesha ufa mpya au unaotoa sauti usilaliwe chini yake. Familia ihamie chumba kingine au kwa jamaa hadi ukauke na kukaguliwa.

Radi huja na mvua za mwanzo wa msimu. Anayesikia ngurumo akiwa shambani, kwenye mwani au chomboni, huyo tayari yumo ndani ya eneo la hatari, na mti mmoja mrefu ulio peke yake ni mahali pabaya kuliko pote pa kujikinga.

Maji, chakula na karatasi

Sehemu kubwa ya ardhi ya Micheweni, hasa upande wa mashariki, ni mawe ya matumbawe ya kale yenye udongo mchache juu yake. Mawe hayo yana nyufa na mapango. Maji ya mvua hupita humo upesi, bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga au udongo, na maji ya chooni hupita njia hizo hizo. Ndiyo sababu kisima kilichokuwa safi mwezi wa Februari huweza kubeba vijidudu vya kipindupindu mwezi wa Aprili, ingawa macho hayaoni tofauti yoyote. Baada ya kila mvua kubwa, maji ya kisima yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Choo kichimbwe mbali na kisima, na upande wa chini yake.

Maji ya bomba ya Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) husukumwa kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mfereji hukauka. Kaya ya watu sita huhitaji takribani lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia peke yake, yaani dumu moja. Madumu matatu yaliyofungwa vizuri, yakibadilishwa maji kila wiki katika miezi ya masika, huitosheleza kaya hiyo kwa siku tatu. Maji ya kuogea na kufulia ni hesabu nyingine, na ya mvua iliyokingwa kutoka kwenye bati yanafaa kwa kazi hiyo.

Chakula cha akiba nacho kina hesabu yake. Mchele, unga, sukari na mafuta huingia Pemba kwa vyombo kupitia bandari kama Mkoani na Wete. Bahari ikifungwa kwa siku kadhaa, bei huanza kupanda kabla bidhaa hazijaisha. Makopa, kunde na dagaa mkavu ni akiba ambayo wilaya huizalisha yenyewe. Viwekwe juu ya uchaga, ndani ya ndoo au debe lenye kifuniko, kwa kuwa vikiwa sakafuni hupotea kwa mafuriko ya usiku mmoja. Dawa za anayetibiwa shinikizo la damu, kisukari, pumu au maradhi mengine ya muda mrefu zisisubiri kwisha ndipo zifuatwe hospitali.

Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi, kadi za kliniki za watoto na hati za ardhi vitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, mahali ambapo mtu mzima yeyote wa nyumba anapajua. Aliyepoteza karatasi hizo hukuta kwamba kila ofisi anayokwenda humtaka kwanza ile iliyopotea.

Kabla ya hayo yote, kaya inapaswa kuzungumza. Nani atambeba bibi asiyeweza kutembea? Nani atawafuata watoto walio skuli au madrasa, na nani atabaki na mjamzito? Baba akiwa baharini na mama akiwa kwenye mwani, funguo za nyumba ziko wapi? Familia nyingi zina majibu ya maswali haya, lakini kila mmoja ana jibu lake, na siku ya tukio watu watatu huenda skuli kumchukua mtoto mmoja huku bibi akibaki peke yake. Mazungumzo ya nusu saa baada ya chakula cha usiku yanatosha kuliweka sawa jambo hili. Majirani wa mtu anayeishi peke yake, au mwenye ulemavu, wamhesabu katika mpango wao.

Bahari inapojivuta

Tarehe 26 Disemba 2004, kabla ya alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, umbali wa takribani kilomita 6,000 kutoka Pemba. Mawimbi ya tsunami yaliyozaliwa hapo yalivuka bahari kuu kwa mwendo wa ndege ya abiria na kufika pwani ya Afrika Mashariki mchana wa siku hiyo hiyo. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Tanzania ilipoteza watu zaidi ya kumi, na Kenya mmoja. Watu hao walikufa saa nyingi baada ya tetemeko, wakati dunia ilikwisha kulijua. Baada ya hapo ulianzishwa mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, na kwa upande wa Tanzania taarifa zake hupokelewa na TMA.

Tsunami inayotoka mbali hutoa saa kadhaa za kujiandaa, ilimradi habari ifike hadi kwa mtu aliye pwani. Inayotoka karibu hutoa dakika. Jioni ya tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko lilitokea baharini upande wa Dar es Salaam na kusikika katika sehemu nyingi za pwani. Halikuleta mawimbi, lakini lilithibitisha kuwa bahari ya jirani nayo hutikisika.

Kwa Micheweni, dalili moja inahitaji uangalifu wa pekee. Wakaazi wa pwani hujua bamvua na maji mafu kuliko kalenda. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka mno asubuhi, karibu saa nne, na watu hushuka kwa mamia kutafuta pweza, chaza na kombe, au kuhudumia mwani. Maji yakijivuta ghafla kwa saa isiyo yake, au yakashuka kupita mpaka unaojulikana wa bamvua, samaki wakabaki wakirukaruka juu ya mchanga, tamaa ya kwanza ya mtu ni kukimbilia samaki. Inampasa akimbie upande wa pili. Maji hayo hurudi, na wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Mengine hufuata kwa saa kadhaa. Anayetambua dalili hiyo mapema ni mzee anayejua saa za maji, kwa hiyo neno lake dikoni lina uzito kuliko king'ora. Chombo kilicho kwenye maji marefu kibaki huko huko mpaka hali itulie, kwani wimbi hilo huinuka linapofika maji mafupi.

Chumvi mashambani na visimani

Maafa mengine huingia polepole, bila kishindo. Katika mabonde ya mpunga yaliyopakana na mikoko, maji ya bamvua kubwa huvuka na kuingia mashambani, na Pemba imeathirika kwa jambo hili kuliko Unguja. Yakishakauka huacha chumvi, na mpunga hauoti mpaka mvua za misimu kadhaa ziioshe. Mikoko iliyo hai hupunguza nguvu ya wimbi na kuishika ardhi kwa mizizi yake. Ikikatwa kwa kuni, mkaa au nguzo, bonde hubaki bila ukuta. Kupanda upya huchukua miaka, na miche hufa ikipandwa mahali pasipo pake: kila aina ya mti wa mikoko ina kina chake cha maji. Vikundi vya shehia vinavyotaka kupanda vianze kwa kumwita afisa misitu wa wilaya. Matuta ya kuzuia maji nayo husaidia, ikiwa yana njia ya kutolea maji ya mvua. Yasipokuwa nayo huyafungia mafuriko ndani ya shamba.

Pa kupeleka taarifa

Sheria ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, Namba 1 ya mwaka 2015, ndiyo iliyoanzisha Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyo chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Zipo pia kamati za maafa za wilaya na za shehia. Kwa mkaazi, mlango wa kwanza ni sheha wake. Taarifa ya hasara ipelekwe mapema, kabla uharibifu haujafagiliwa, ikieleza idadi ya watu wa kaya, kilichoharibika na mahitaji ya haraka. Picha ya simu, kama ipo, huisaidia kamati kufanya tathmini. Nyumba isiyoonekana barabarani ndiyo husahaulika, na jirani anaweza kutoa taarifa kwa niaba ya mwenziwe.

Kuhusu visima, ipo tahadhari moja iliyotokana na Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004. Watu wengi huko walivikausha kwa pampu visima vilivyoingiwa na maji ya bahari, wakitaraji kuitoa chumvi upesi. Kwa kuvuta sana, walivuta pia maji ya chumvi yaliyo chini ya yale matamu, na baadhi ya visima vikazidi kuharibika. Kisima cha Micheweni kikiingiwa na maji ya bahari kitolewe taka, kisha kichotwe kidogo kidogo na kuachiwa mvua. Maji yake yasinywewe hadi yapimwe, na ombi la upimaji huo hupitia kwa sheha au ofisi ya ZAWA.